Daftari la Mahudhurio na Uhaba wa Nafasi: Maoni Juu ya Kufundisha Kompyuta Pasipo Kompyuta

Kila wanachuo wetu wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha, lalamiko moja hutufikia kuliko mengine yote. Wamepangiwa kufundisha habari za kompyuta katika shule isiyo na kompyuta hata moja, au yenye moja tu, iliyofungiwa ofisini na kufunikwa kitambaa. Mwanachuo afanyeje? Huchora kisanduku ubaoni akakiita skrini. Huchora kingine chenye vitufe akakiita kibodi. Kando yake huchora kipanya chenye mkia mrefu, na watoto wakanakili. Juma linalofuata huulizwa majina ya sehemu hizo, nao huyataja kwa sauti moja. Andalio la somo limejazwa, mtathmini ameridhika, na kipindi kimekwisha.

Sisi tunasema kwamba kazi hiyo haimfundishi mtoto jambo lolote lihusulo kompyuta, kama vile kutaja mpini na bapa la jembe kusivyomfundisha mtu kilimo. Tena twadai jambo ambalo baadhi ya wakufunzi wenzetu wameliona la ajabu: kwamba fikra iliyo muhimu kuliko zote katika elimu hii yaweza kufundishwa Darasa la Tano na la Sita kwa daftari la mahudhurio, chaki na viti vya darasani. Fikra yenyewe ni hii, kwamba habari huhitaji nafasi ya kuwekwa, nafasi ni haba, na namna ya kuzipanga habari ndiyo huamua zitaenea au hazitaenea. Mahali ambapo fikra hiyo huonekana ikiwa wazi kabisa ni katika kiini cha mfumo endeshi, na mwalimu atakayeifundisha hana budi kufahamu kidogo mambo yanavyokwenda huko, hata kama hatalitaja neno hilo mbele ya watoto.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayozisimamia programu nyingine zote za kompyuta, nacho kiini chake ni ile sehemu inayogawa kumbukumbu, inayoamua programu ipi ifanye kazi sasa na ipi ingoje, na inayopokea habari kutoka kwenye vyombo. Mfano wake ni mtunza ghala la shule. Mahindi yanaingia na kutoka, naye hana budi kuandika kila gunia liko wapi na ni la nani. Lakini tuseme kwamba hana ofisi, na vitabu vyake vya hesabu vimo humo humo ghalani, juu ya rafu zile zile zinazowekwa mahindi. Basi kila kitabu anachoongeza kinapunguza nafasi ya gunia moja. Ndivyo ilivyo kwa kiini. Katika mfumo wa Linux, mathalani, kumbukumbu inayotumiwa na kiini chenyewe haihamishiwi kwenye diski wakati wa msongamano kama ziwezavyo kuhamishwa za programu za kawaida. Nafasi aliyoichukua mtunza ghala imekwisha kuchukuliwa.

Wanaoanza kusoma mambo haya hudhani kwamba ubahili huu ulikuwa wa zamani tu, wakati mashine zilipokuwa ndogo. Ni kweli kwamba zilikuwa ndogo mno. Mwaka 1971 Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao katika maabara ya Bell huko Marekani waliendesha mfumo wao wa Unix juu ya mashine ya PDP-11 yenye kumbukumbu ya baiti elfu 24, na kati ya hizo elfu 16 zilikuwa za mfumo wenyewe, ikabaki elfu 8 kwa programu za watumiaji. Lakini uhaba haukuisha mashine zilipokua. Linux, mfumo aliouanzisha Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, na ambao kiini chake ndicho kilichomo ndani ya simu zote za Android, huigawa kumbukumbu katika kurasa, na katika mashine nyingi kila ukurasa una baiti 4,096. Kwa kila ukurasa mmoja kiini huandika maelezo mafupi ya kuonyesha unatumiwaje, na katika mashine za biti 64 maelezo hayo huchukua kwa kawaida baiti 64. Mwanafunzi wa Darasa la Sita aweza kugawanya: 64 kwa 4,096 ni sehemu moja ya sitini na nne. Ni kidogo, mtu atasema. Lakini mashine yenye gigabaiti 16 ina kurasa 4,194,304, na maelezo yake peke yake hula megabaiti 256. Mjenzi akishawishika kuongeza baiti 8 tu katika maelezo ya kila ukurasa, amechukua megabaiti nyingine 32, ambazo ni zaidi ya mara elfu moja ya kumbukumbu yote ya mashine ile ya mwaka 1971. Kwa sababu hiyo wajenzi hao hubishana juu ya biti moja moja.

Sasa tuingie darasani. Mwanachuo mmoja wetu, ambaye jina lake tunalihifadhi, alipangiwa Darasa la Sita lenye wanafunzi 60. Alichukua daftari la mahudhurio, akachora ubaoni mstari wenye vyumba 60, chumba kimoja kwa kila mwanafunzi kwa nambari yake, akasema kwamba kila chumba chaweza kupokea alama mbili tu: 1 kwa aliyehudhuria, 0 kwa asiyehudhuria. Chumba cha namna hiyo ndicho kiitwacho biti, nazo biti nane hufanya baiti moja. Darasa zima, kwa siku nzima, linaenea katika baiti 8, na vyumba vinne vinasalia. Watoto walishangaa, kwa sababu kuandika jina la mmoja wao tu kungechukua nafasi kubwa kuliko hiyo.

Hapo angeweza kukoma, nasi tungeridhika. Lakini aliendelea kuuliza: leo wamekosekana wawili tu, wa 17 na wa 42, je, ni lazima tuandike alama 60? Mtoto mmoja akajibu kwamba tuandike 17 na 42 basi. Mwalimu akauliza nambari moja itahitaji vyumba vingapi, ikiwa kila chumba kinapokea 0 au 1 tu. Walijaribu kwa vizibo vya soda: vyumba viwili hutoa nambari nne, vitatu hutoa nane, hata wakafika vyumba sita vinavyotoa 64. Kwa hiyo watoro wawili hugharimu vyumba 12 badala ya 60, na darasa likashangilia njia mpya. Mwalimu akawatuliza kwa swali: na siku ya mvua kubwa, wakikosekana 25? Vyumba 150! Basi mpaka uko wapi? Wakagawanya 60 kwa 6, wakapata kumi, naye akaandika kumi ubaoni.

Ndipo binti mmoja aliyeketi nyuma aliponyosha mkono. “Mwalimu, atakayesoma atajuaje kwamba nambari zimekwisha?”

Swali hilo mwanachuo hakuwa amelitazamia, na twakiri kwamba nasi tulipolitazama andalio lake kabla ya somo hatukuliona. Msomaji hataweza kujua mpaka mwanzoni pawe pameandikwa idadi ya watoro, na idadi hiyo nayo yahitaji vyumba sita. Sita za idadi, na sita kwa kila mtoro: wakiwa tisa ni 60 kamili, wakiwa kumi ni 66. Mpaka ni tisa. Mwanachuo alisimama kitambo, akafuta kumi, akaandika tisa, akamshukuru yule binti.

Mtathmini aliyekuwa amekaa nyuma ya darasa alimpunguzia alama kwa sababu mbili: kwamba somo lilitoka nje ya andalio, na kwamba mwalimu “hakuwa na hakika na jibu lake” kwa kuwa alilisahihisha mbele ya wanafunzi. Juu ya sababu ya kwanza tungeweza kujadiliana. Juu ya ya pili hatukubali hata kidogo. Alichokifanya binti yule ndicho hasa wafanyacho wajenzi wa viini wanapokaguana kazi: kuuliza gharama iliyofichika iko wapi. Mwalimu aliyeikubali hesabu hiyo hadharani amefundisha zaidi ya aliyechora vipanya kumi. Ikiwa wanachuo wetu watajifunza kwamba kufuta ubao ni aibu, watarudi kwenye kipanya chenye mkia, na hatutakuwa na haki ya kuwalaumu.

Tena hesabu ile si mchezo wa kubuniwa tu. Kwa miaka mingi Linux ilitunza nambari za programu zinazoendeshwa kwa njia ya kwanza ya watoto wale, yaani safu ya biti, ambamo kila biti ilionyesha kama nambari fulani imetumika au i wazi. Nambari za kawaida zilikuwa 32,768. Ukizigawanya kwa nane utapata baiti 4,096, ukurasa mmoja kamili, bila kupungua wala kuzidi. Katika toleo la 4.15 la mwaka 2018 njia hiyo iliachwa, ikachukuliwa nyingine yenye umbo la mti, ambao matawi yake huota pale tu panapohitajiwa. Hata watu wazima wenye ujuzi, basi, huhama kutoka njia moja hadi nyingine kadiri mahitaji yabadilikavyo, na watoto waambiwe hivyo.

Zoezi la pili tunalolipendekeza ni la viti. Panga viti 20 vyenye nambari, na wanafunzi waketi katika baadhi yake. Uliza: mwalimu atajuaje upesi viti vilivyo wazi? Wengi watasema aandike orodha. Lakini orodha huhitaji karatasi, na tumekwisha kusema kwamba karatasi ni haba. Badala yake, juu ya kila kiti kilicho wazi weka kadi yenye nambari ya kiti kingine kilicho wazi, na kadi ya mwisho iandikwe “mwisho”. Mwalimu anashika nambari moja tu mkononi, ya kiti cha kwanza. Akija mwanafunzi, anaelekezwa kwenye kiti hicho, tuseme cha 7. Anaichukua kadi iliyokuwapo, iliyoandikwa 12, anampa mwalimu, naye sasa anashika 12. Akiinuka mwanafunzi wa kiti cha 3, mwalimu huiweka kadi yake ya 12 juu ya kiti cha 3, akashika 3. Hakuna orodha popote, wala hakuna kiti kinachopotea. Kiti kilicho wazi hakina kazi nyingine, kwa hiyo chenyewe ndicho kinachobeba habari ya mwenzake.

Tunaipenda sana njia hii, labda kupita kiasi. Wazo la kutenga safu za nafasi zenye kipimo kimoja kwa vitu vya aina moja ndani ya kiini lilielezwa na Jeff Bonwick mwaka 1994, kwa ajili ya mfumo wa SunOS 5.4; nacho kigawaji kilichoingizwa katika Linux mwaka 2007 huandika kielekezi cha nafasi iliyo wazi inayofuata ndani ya nafasi iliyo wazi yenyewe, kama kadi zetu. Zoezi likishazoeleka, mwalimu na amnong'oneze mtoto mmoja aliyekwisha kuondoka arudi kwa siri na kubadili nambari ya kadi iliyo juu ya kiti chake cha zamani. Msururu wote utavurugika: watoto wawili wataelekezwa kiti kimoja, au viti vitatu vitasahauliwa kabisa. Kosa hilo lipo katika viini vya kweli, na wavamizi wamelitumia. Watoto hulikumbuka kwa sababu wameona wenzao wakigombania kiti.

Kuna hila nyingine ambayo huwafaa wenye kupenda hesabu. Ikiwa kila nambari ya nyumba katika mtaa huishia na sifuri, basi ile sifuri haisemi lolote, na mahali pake paweza kuandikwa jambo jingine, kwa mfano 1 kwa nyumba yenye mbwa. Anayetafuta nyumba huifuta tarakimu ya mwisho kwanza, akaweka sifuri. Linux hufanya hivyo katika aina mojawapo ya miti yake ya kupangia habari, ambamo kila kifundo hupewa rangi, nyekundu au nyeusi: rangi haikupewa chumba chake, bali imefichwa katika biti ya mwisho ya anwani ya mzazi, kwa sababu anwani hizo daima huishia na sifuri zinapoandikwa kwa 0 na 1.

Lakini mwalimu asiwafanye watoto waabudu ubahili. Kila tulichokitaja kina bei yake. Hila ya mbwa humchanganya mgeni. Programu iliyojaa hila za namna hiyo husomeka kwa taabu, na aliyeijenga akiondoka, warithi wake hukosea. Katika toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, jina la jalada lilipewa baiti 14 tu, kwa kuwa kila mstari wa orodha ya majalada ulikuwa wa baiti 16 na mbili zilichukuliwa na nambari; watu wakalazimika kukata majina. Programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili ili kuokoa nafasi, na ulipokaribia mwaka 2000 kazi kubwa ilifanyika duniani kote ya kuzitafuta na kuzirekebisha. Tena bado lipo deni moja halijalipwa lote. Mifumo iliyohesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 katika biti 32 itafikia kikomo chake tarehe 19 Januari 2038, na palipo na mashine ambazo hazikurekebishwa, saa zitarudi nyuma. Watoto walio Darasa la Tatu leo watakuwa watu wazima wakati huo. Waulize nani alifaidi nafasi iliyookolewa, na nani atalipa. Hilo ni swali la maarifa ya jamii pia, nasi hatuoni sababu ya kulizuia lisivuke mpaka wa kipindi.

Tumeambiwa na wenzetu kwamba haya ni mambo ya chuo kikuu. La hasha! Hatumtaki mtoto ajue kiini ni nini. Twamtaka ahesabu vyumba, azidishe mbili kwa mbili mara sita, na aulize kama njia aliyopewa ni rahisi siku zote au siku fulani tu. Hesabu yenyewe hahitaji kuitafuta mbali, kwani kuzidisha na kugawanya yumo nako tangu madarasa ya chini. Anayehitaji kujua zaidi ni mwalimu, ili swali la nyuma ya darasa lisimtishe.

Wengine wametuambia jambo lililo zito zaidi, nasi tunalikubali: kwamba katika madarasa yetu mengi hakuna viti vya kuchezea, watoto watatu hubanana katika dawati moja, na kuwasimamisha ni kuleta vurugu. Kwa madarasa hayo tumejaribu trei za mayai. Trei moja ina vyumba 30. Trei mbili hulienea darasa la watoto 60, kizibo cha soda kikiwa ndiyo 1 na chumba kitupu kikiwa 0, na kikundi cha watoto sita chaweza kuizunguka trei moja bila kelele kubwa. Kwa zoezi la viti, vipande vya maboksi vilivyokatwa sawa huwekwa ndani ya vyumba vile vile. Zana hizo hazinunuliwi. Mama lishe aliye karibu na lango la chuo alitupa trei tisa kwa siku mbili, akatuuliza tu kama tunafuga kuku.

Trei hizo, pamoja na kadi, zimo katika chumba cha zana, rafu ya chini, kushoto. Andalio la somo la mwanachuo wetu limo humo pia, likiwa na alama alizopewa pamoja na maneno ya mtathmini. Hatukuyafuta, bali tumeandika hesabu ya yule binti pembeni yake. Mwanachuo mwenyewe amekwisha kupangiwa shule nyingine kwa mazoezi ya pili. Ameomba trei tatu, kwa kuwa darasa lake lina wanafunzi 90. Huko vyumba sita havitoshi tena kwa nambari moja, yahitajiwa saba, na mpaka hautakuwa tisa. Ameahidi kwamba safari hii hatauandika ubaoni kabla ya kuwauliza walioketi nyuma.